Kimya cha Mlinzi



Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya wakala wa fedha za simu, karibu na kituo ninapopandia daladala. Mbele yangu alisimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, anataka kutoa fedha alizotumiwa na mumewe akanunue dawa. Wakala akabonyeza simu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kisha akatamka lile neno tulilokwisha kulizoea: "Mtandao unasumbua, mama. Subiri kidogo." Mama akasubiri, na foleni nzima ikasubiri. Baada ya nusu saa mama yule akaondoka bila dawa, na mimi nikaondoka na mada ya leo.

Siku hizi mtandao tunausingizia kila kitu, kama zamani tulivyokuwa tukimsingizia shetani. Lakini mara nyingi kinachosumbua si waya wala mnara. Ni seva, yaani ile kompyuta inayohudumia kompyuta na simu nyingine, imelemewa au imezimika, na aliyepaswa kupiga kelele kwamba imezimika naye yuko kimya. Leo nataka kumzungumzia huyo wa kupiga kelele. Hana rungu wala koti la mvua. Ni programu ya uangalizi. Na nitazungumzia hasa siku anapobadilishwa, maana hiyo ndiyo siku nyumba inapobaki wazi kuliko siku zote.

Kabla sijakaa mbele ya kipaza sauti hiki nilikula mshahara wa chumba cha kompyuta kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nisemayo nimeyaona, na mengine nimeyafanya mwenyewe.

Kazi ya programu hiyo ni rahisi kuieleza. Kila dakika, au chini ya hapo, huzunguka ikiuliza kila seva: Upo? Diski yako imebaki na nafasi kiasi gani? Mbona leo unajibu polepole? Ndani ya kila seva huwekwa programu ndogo ya kujibu, nayo mafundi huiita wakala, asichanganywe na huyu wetu wa fedha. Majibu yakiwa mabaya, ujumbe humfuata fundi kwenye simu yake hata kama ni saa tisa ya usiku. Yakiwa mazuri, ubao wa ukutani huwa kijani tupu, na mkuu wa idara hupenda kupitisha wageni wauone.

Programu hiyo nayo huzeeka. Watengenezaji hugundua matundu, huyaziba, hutoa toleo jipya. Kuipandisha kwenye toleo jipya ndiko wenye lugha yao wanakokuita kusasisha, na vijana wa chumba cha kompyuta wanakokuita kuapdeti. Mimi nitasema kusasisha, lakini anayeapdeti asidhani simsemi yeye.

Basi, miaka ile nilikuwa msimamizi katika taasisi moja hapa mjini ambayo sitaitaja. Tulikuwa na seva moja tu ya uangalizi, nayo iliangalia nyingine zipatazo 40. Ijumaa moja jioni kijana wangu mmoja, hodari kwelikweli, akanijia na karatasi mkononi.

"Shikamoo mzee. Naomba sahihi yako hapa. Nataka kusasisha uangalizi leo usiku. Dakika ishirini tu."

"Marahaba. Nakala umeshaitunza?"

"Tayari, mzee."

Nilikuwa na harusi ya mpwa wangu Tabata, sikuuliza la pili. Nikatia sahihi nikaenda zangu.

Kijana akafanya kama kitabu kinavyoelekeza. Akaizima, akaweka toleo jipya, akaiwasha. Toleo jipya, linapowashwa mara ya kwanza, aghalabu huyapanga upya majedwali ya kumbukumbu zake, na wakati wa kupanga huhitaji nafasi ya ziada kwenye diski, pengine sawa na ukubwa wa jedwali lenyewe. Nafasi hiyo hatukuwa nayo. Kazi ikakatikia njiani, na ile sehemu inayouliza maswali ikazimika. Lakini ubao wa ukutani ni programu nyingine, nao ukaendelea kuonyesha majibu ya mwisho yaliyopatikana kabla ya kuzimwa. Yote kijani. Kijana akautazama, akaridhika, akaenda kulala.

Saa saba usiku diski ya seva ya malipo ikajaa. Kwa siku za kawaida hilo ni jambo la dakika kumi: simu inalia, fundi anaamka, anafuta mafaili ya zamani, anarudi kitandani. Usiku ule simu haikulia. Jumamosi asubuhi ujira wa vibarua mia na kitu, uliotakiwa uwe kwenye simu zao kabla hawajakwenda sokoni, haukuwapo. Nilipofika ofisini, bado nikiwa na viatu vya harusini, niliwakuta getini. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye hakupiga kelele kama wenzake. Alinionyesha tu simu yake, ile ndogo ya kubonyeza, kana kwamba mimi ningeweza kuiona fedha ambayo yeye haioni.

Nikamwita kijana. "Ulithibitishaje kwamba kazi imekwisha salama?"

"Mzee, hapakulia kengele hata moja usiku kucha."

Ndugu msikilizaji, jibu hilo sijalisahau mpaka leo. Si jibu la mzembe. Ni jibu la mtu aliyezoea kwamba kimya maana yake ni amani. Tulipokuwa shule ya bweni, mlinzi wetu alikuwa na rimu la gari limening'inizwa kwenye mwembe. Kila saa alilipiga kwa nondo, mara moja ikiwa saa saba, mara mbili ikiwa saa nane. Sisi tulidhani anatutajia saa. Mwalimu wa zamu ndiye aliyejua maana yake: saa ikipita bila mlio, anachukua tochi kwenda kuona mlinzi amepatwa na nini. Mlinzi yule hakupiga kelele ili kusema kuna mwizi tu, alipiga pia ili kusema mimi mwenyewe nipo. Uangalizi wetu ulijua kupiga kelele za mwizi. Kusema "nipo" hatukuufundisha. Na aliyetia sahihi ni mimi.

Baada ya mkasa ule wapo wakubwa waliotoa amri kwamba kuanzia sasa uangalizi usiguswe, kitu kinachofanya kazi kiachwe. Nilipinga wakati ule, na leo ningepinga kwa sauti kubwa zaidi.

Angalia yaliyoipata Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza habari za mikopo ya watu. Machi 2017 ulitolewa ufumbuzi wa tundu lililokuwa katika programu iitwayo Apache Struts. Seva moja ya kampuni hiyo haikuwekewa. Kuanzia Mei wezi wakapita humo na kuchota habari za watu wapatao milioni 147. Lakini kisa chenyewe ninachokitaka kiko kwa mlinzi. Kampuni ilikuwa na chombo cha kukagua mawasiliano yanayoingia na kutoka, nacho kilikuwa kimewashwa kama kawaida. Ila cheti chake, yaani kile kibali cha kielektroniki kinachokiwezesha kufungua na kusoma mawasiliano yaliyofichwa, kilikuwa kimeisha muda miezi mingi nyuma na hakuna aliyekisasisha. Kwa hiyo mizigo ilipita mbele yake na yeye hasomi kitu. Julai 29, 2017 cheti kikabadilishwa, na siku hiyohiyo mafundi wakaona mawasiliano yasiyoeleweka. Mwizi alikuwa ndani ya nyumba zaidi ya miezi miwili.

Haya. Atakuja mwingine aseme, kumbe basi kila toleo likitoka tulipokee papo hapo, bila kuuliza. Huyo naye ana lake la kusikia.

Katika mji wa Austin, Texas, kuna kampuni iitwayo SolarWinds. Ilitengeneza programu ya uangalizi iliyoitwa Orion, iliyotumika katika maofisi makubwa ya serikali na makampuni ya Marekani na kwingineko. Kati ya Machi na Juni 2020 wateja walipokea matoleo mapya yenye sahihi halali ya kampuni yenyewe. Ndani yake majasusi walikuwa wamekwisha kupenyeza mlango wa siri, tena pale pale toleo linapoundwa, kabla halijatiwa sahihi. Wateja wapatao 18,000 walilipakua. Lilipowekwa, mlango ule ulitulia hadi majuma mawili bila kufanya lolote, ili yeyote anayetazama siku za mwanzo asione kitu. Februari 2021 Ikulu ya Marekani ilisema idara 9 za serikali na makampuni kama 100 yaliingiliwa kweli, na Aprili mwaka huo serikali hiyo ikaitaja idara ya ujasusi wa nje ya Urusi kuwa ndiyo iliyohusika. Urusi ilikana.

Kwa nini wakachagua programu ya uangalizi na si programu ya barua au ya hesabu? Kwa sababu mlinzi ndiye mwenye funguo za vyumba vyote. Ili aulize kila seva hali yake, wengi humpa ruhusa ya kuingia kila seva, na kwa uvivu humpa ruhusa kubwa kuliko anayohitaji. Mwenye kumwangusha mlinzi mmoja amepata nyumba nzima. Desemba 13, 2020, mambo yalipofichuka, idara ya usalama wa mitandao ya Marekani iliziagiza ofisi zote za kiraia za serikali kuu kuitenga au kuizima Orion. Hebu fikiria: siku wanayojua mwizi yuko ndani ndiyo siku wanayolazimika kumfukuza mlinzi.

Kwa hiyo kuogopa kusasisha ni hatari, na kupokea chochote kinacholetwa nako ni hatari. Hapo ndipo inapobaki kazi ya fundi, na kazi hiyo si ya dakika ishirini.

Aliye na seva moja ya uangalizi ni kama mwenye duka la mtu mmoja. Akitaka kwenda msalani hufunga mlango. Akisasisha, kuna muda hakuna anayelinda. Muda huo hauepukiki, lakini unaweza kuazimiwa mlinzi mwingine. Baada ya aibu yetu ile tulichukua kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo, tukaiwekea programu ndogo isiyojua kazi nyingine ila kuuliza seva kumi muhimu "Upo?" na kutuma ujumbe isipojibiwa. Mlinzi mkubwa tukamwamuru naye kila saa atume neno moja kwa huyu mdogo, nipo. Neno lisipofika, mdogo anapiga simu. Hiyo ndiyo rimu na nondo yetu. Haikugharimu kitu, maana kompyuta ile ilikuwa inasubiri mnada.

Nakala nayo si nakala mpaka umeirudisha mahali pengine ukaiona inawaka. Hili nalisisitiza kwa sababu majedwali yakishapangwa kwa toleo jipya, toleo la zamani aghalabu haliyaelewi tena. Njia ya kurudi ni ile nakala peke yake. Nawajua watu waliotunza nakala kwenye diski ileile waliyokuwa wakiisasisha, lakini hao tuwaache.

Wenye uwezo huweka kundi la seva, tatu au tano, zinazofanya kazi moja kwa pamoja; mafundi huliita klasta. Wengi hudhani mwenye klasta amepona. Amepona jambo moja, ameongezewa mengine. Seva za klasta huamua mambo kwa wingi wa kura. Zikiwa tatu, mbili zinatosha kuendelea. Ikibaki moja, iliyo salama kabisa, huwa inakataa kuandika chochote, kwa sababu haijui kama wenzake wamekufa au yeye ndiye aliyetengwa. Kwa hiyo fundi mwenye haraka anayezima mbili za tatu ili amalize mapema amelizima kundi zima kwa mkono wake. Zikiwa tano, mbili zikiondoka tatu bado zinatosha, lakini hiyo si ruhusa ya kuondoa mbili kwa makusudi, maana ya tatu inaweza kuanguka kwa mapenzi yake yenyewe.

Njia ni kusasisha moja moja. Unaitoa mojawapo, unaisasisha, unairudisha, kisha unangoja. Kungoja huko ndiko kunakowashinda vijana. Seva iliyorudi huonekana iko hai, kumbe bado inachukua kutoka kwa wenzake yale yaliyopita ikiwa nje. Ukiitoa ya pili kabla ya kwanza haijawafikia wenzake, umebaki na moja inayojua kila kitu. Yule anayeongoza kundi huachwa wa mwisho, ili uongozi uhamishwe mara moja tu na si mara tatu usiku mmoja.

Wala si kila klasta hukubali kwenda moja moja. Zabbix, programu ya uangalizi iliyoanzia Latvia na inayopendwa na wengi kwa kuwa haina malipo, ilipata klasta yake yenyewe katika toleo la 6.0 la mwaka 2022. Lakini ukiipandisha toleo kubwa, seva zake zote za klasta huzimwa kwanza, moja husasishwa na kuwashwa ili ipange majedwali, ndipo nyingine zifuate. Aliyenunua klasta akidhani hatazima tena asome kitabu kabla ya kumwahidi mkurugenzi.

Na kuna mtego mwingine mdogo unaonichekesha na kunitia uchungu pamoja. Kabla ya kusasisha, fundi huziambia kengele zinyamaze, maana bila hivyo simu za watu zitalia usiku kucha kwa seva anazozima mwenyewe. Ni jambo la busara. Kisha kazi inaisha, kunakucha, anakunywa chai, anasahau kuziamsha. Nimewahi kukuta kengele iliyonyamazishwa wakati wa Mfungo wa Ramadhani, na sisi tulikuwa tunakaribia Krismasi. Ukinyamazisha, weka saa ya kuisha hapo hapo.

Kusudi la kwenda moja moja lilionekana dunia nzima Julai 19, 2024. CrowdStrike, kampuni ya Marekani ambayo programu yake hukaa ndani ya kila kompyuta kuchunguza dalili za wavamizi, ilitoa faili jipya saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu. Faili lilikuwa na kasoro. Kompyuta zilizolipokea zilizimika na kukataa kuwaka. Ilipofika saa 2:27, dakika 78 tu baadaye, kampuni ililiondoa, lakini Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows zilikuwa zimeguswa. Viwanja vya ndege, mahospitali na mabenki vilikwama, na shirika la ndege la Delta lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku chache. Nyingi za kompyuta hizo zilibidi zifuatwe moja moja na mtu mwenye mikono.

Wateja wengine walikuwa waangalifu kweli; walikuwa wameiagiza programu ibaki toleo moja nyuma ya lile jipya. Haikuwasaidia, kwa sababu agizo hilo lilihusu programu yenyewe, si mafaili ya aina hii, ambayo yaliwaendea wote kwa mkupuo. Baadaye kampuni ilisema itakuwa inayatoa kwa awamu, kundi dogo kwanza, na kumwachia mteja nafasi ya kuamua. Kwa maoni yangu kila ofisi inayonunua programu za aina hii iulize kabla ya kutia sahihi mkataba: ni vitu gani vitakavyoingia kwenye seva zetu bila sisi kuulizwa? Majibu ya swali hilo huwa mafupi, na muuzaji hutazama chini.

Neno moja kwa wakubwa. Fundi husasisha Ijumaa usiku kwa sababu mmemwambia asiguse kitu mchana. Mnamtaka afanye kazi ngumu kuliko zote akiwa peke yake, amechoka, na wa kumuuliza wako harusini. Jumanne saa nne asubuhi, watu wote wakiwa kazini, ingekuwa afadhali mara kumi, hata kama ubao utakuwa mweusi kwa saa nzima na wageni hawatapitishwa.

Kijana wangu yule sasa ni mkubwa wa chumba cha kompyuta mahali pengine, na ana vijana wake. Mwezi uliopita alinipigia. Walikuwa wamesasisha klasta yao ya seva tatu, Jumanne, moja moja, na ubao ulikuwa kijani.

"Ukafanya nini?" nikamuuliza.

"Nikachomoa waya wa seva moja, mzee, bila kuwaambia watu wa zamu."

Simu ya zamu ililia baada ya dakika mbili. Akarudisha waya, akaandika saa kwenye daftari, ndipo akaenda kula chakula cha mchana. Wale wa zamu, anasema, hawajamsamehe mpaka leo.

Juma lijalo, Mwenyezi Mungu akitujalia, nitarudi kwenye suala la mita za maji, kama wengi mlivyoniandikia. Kwaherini.